Wimbo wa Baba Dukani Skärholmen

Kwaya yetu ya Skärholmen haikuwa na sauti nzuri, lakini ilikuwa na wimbo wa baba. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya Uvira, akafia huko kabla hatujapata njia ya kuondoka, na wimbo huo ndio kitu chake pekee tulichofika nacho Sweden. Tuliuimba kila tulipoaga mtu au kuomboleza. Desturi ilikuwa kwamba hakuna anayefungua kinywa mpaka mama aanzishe. Alikuwa anafumba macho, anakaa kimya kidogo, kisha anaanza polepole na ukumbi mzima unamfuata. Mama huyo huyo hakuweza kupanda treni bila mimi, lakini pale alikuwa mjane wa mtunzi.

Nilikuwa nafanya usafi katika hoteli moja Märsta. Asubuhi moja redio ya chumba cha shuka ikapiga wimbo wa baba. Ngoma za mashine, vinanda vya umeme, kijana anaimba Kiingereza kama mwenye mafua, lakini tuni ni ile ile, mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu wa kazi, mama wa Kiswidi wa makamo, aliuimba wote huku akikunja mataulo. Akaniambia hao ni bendi ya wimbi jipya, wale wa miaka ya themanini wenye nywele wima na wanja machoni, na kwamba wimbo ule ulivuma mpaka watu wakauchoka. Nilicheka kwa adabu. Kusema kweli iliniuma, maana baba alikuwa ameiba.

Nyumbani redio niliipandisha juu ya kabati nikadai imeharibika. Niliogopa kwamba mama akiusikia hataanzisha tena, na asipoanzisha atabaki bibi mmoja tu wa ghorofa ya tatu.

Nilijisumbua bure. Jumamosi moja tulikuwa dukani, pale Skärholmen, tukichagua ndizi, spika za darini zikauachia. Mama akasimama. Mimi nikaanza kuzungumzia mchele kwa sauti kubwa, kama punguani.

“Nyamaza kwanza,” akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira. “Njo wimbo ya baba yako.”

“Mama, labda hawa ndio walio...”

“Walituiga sisi? Acha ujinga. Maneno njo ya baba yako. Ile tuni tulikuwa tunaicheza ku bar, mi na yeye, zamani, mbele aokoke. Alikuwa anajua kucheza, ule mwanaume!”

Chini ya kitenge, mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu taratibu. Wimbo ulipoisha akatia ndizi kwenye kikapu, tukaenda kulipa.

Kesho yake kanisani tuliaga familia iliyokuwa inahamia mji mwingine. Ukumbi ukanyamaza kumngoja mama. Akafumba macho, akakaa kimya kidogo, mguu ukigonga taratibu chini ya kitenge. Miaka yote hiyo nilidhani anasali.