Muvi Ishirini na Mbili na Kaka Yangu

Mjukuu wetu wa kike anasoma ualimu Bunda, na kila Jumamosi alikuwa akija kwetu Bweri, hapa Musoma, na flashi yenye muvi. Muvi zenyewe ni ishirini na mbili, zote za kundi moja la watu wenye nguvu za ajabu, na kila moja imeshikana na nyingine. Ukikosa moja, inayofuata inakuacha.

Nilijua hivyo kwa sababu niliachwa. Siku moja nilirudi kutoka kikao cha kanisa nikamkuta yeye na mke wangu mbele ya televisheni, wanacheka mpaka machozi. Nikauliza, "Huyu mwenye mabawa ya shaba ni nani?"

"Babu, ungeanza mwanzo," alisema mjukuu.

"Mzee, tutakueleza baadaye," aliongeza mke wangu, bila kutoa macho kwenye kioo.

Nikawa mgeni sebuleni kwangu. Basi nikaamua kuanza ya kwanza, peke yangu, siku za katikati ya juma, kwa nakala alizoniachia mjukuu. Mimi ni mtu wa utaratibu. Kwa miaka mingi nimefundisha darasa la ubatizo: masomo ishirini na manne, na anayekosa zaidi ya matatu husubiri mwaka unaofuata. Mchungaji huniachia mimi kusema nani yuko tayari. Nikanunua daftari, nikaandika kila muvi na namba yake, nani ndugu ya nani, nani amekufa, nani alikufa akarudi. Mke wangu aliliona akasema limefanana sana na lile la kanisani. Mjukuu akanipa cheo cha mwanafunzi bora.

Kufikia majuma machache kabla ya Pasaka nilikuwa nimemaliza ya kumi na tatu. Wao walikuwa wamebakiza moja tu, ya mwisho.

Wakati huo nilikuwa na jambo zito zaidi. Kaka yangu mkubwa anaishi Butiama na ng'ombe wake. Maisha yake yote alishika mila za baba zetu, wala sikuwahi kumsumbua. Mwaka jana, bila kuambiwa na mtu, alisema anataka kubatizwa. Kila Alhamisi nilipokwenda kufundisha kwenye kanisa dogo la kule, nilimkuta kwenye benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Alihudhuria masomo tisa. Kisha majani yakakauka, akawapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho. Aliporudi alikuwa amekosa masomo saba.

Nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba atasubiri mwaka mwingine. Sikutaka mtu aseme nampendelea ndugu yangu. Kaka amepita miaka themanini. Alinitazama, akasema, "Sawa, Mwalimu. Mungu akinipa huo mwaka." Hakuwahi kuniita Mwalimu kabla ya siku hiyo.

Baada ya hapo alikuja Musoma kupimwa macho, akalala kwetu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mjukuu akafika mchana, akachomeka flashi.

"Leo ni ya mwisho," alitangaza.

"Subirini," nilisema. "Mimi nimeishia ya kumi na tatu."

"Babu, Jumatatu naenda Kisorya mafunzo kwa vitendo. Sirudi mpaka Pasaka. Kaa au toka." Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe, Babu Mkubwa, hutaelewa kitu. Ilibidi uangalie ishirini na moja kwanza."

"Mke wangu, nitakufa kabla ya ya kumi," alijibu kaka, kwa ule utani wa babu kumwita mjukuu wa kike mke wake, na wote wakacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Nikakaa na daftari langu. Muvi yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa, ile ambayo sauti ya Kiswahili hupanda juu ya Kizungu na mtafsiri huongeza utani wake. Kaka aliuliza maswali mawili tu.

"Hawa wamechukuliwa nini?"

"Mji wao, Babu."

"Na huyu mbaya, wa nje au wa nyumbani?"

"Ndugu yao."

"Ahaa. Endelea."

Mimi nilikuwa napekua. Kila akitokea mtu, nilitafuta alionekana ya ngapi, na nilipompata, yeye alikuwa ameshaondoka. Wengine hawakuwemo kabisa daftarini, maana walizaliwa kwenye zile nisizozifikia. Karibu na mwisho, yule mwenye mabawa ya shaba aliinama akamfunga mwenzake mdogo kamba ya kiatu, kisha akatembea kuelekea lango lililokuwa linaanguka.

"Huyu harudi," alisema kaka.

"Umejuaje?" mke wangu aliuliza.

"Anayerudi hakufungi kiatu hivyo. Anakwambia fanya haraka, basi."

Yule mtu alilishika lango mpaka watu wote wakapita, likamwangukia. Mke wangu alilia, mjukuu alilia, kaka akajifuta kwa ncha ya shuka lake.

"Huyo mdogo aliyefungwa kiatu," niliuliza, "ni wa ya kumi na tano au—"

"Mzee, funga daftari," alisema mke wangu.

Kaka akageuka. "Mwalimu, wewe umeelewa?"

"Kiasi."

"Mimi nimeelewa," alisema, akacheka kile kicheko alichokuwa akinicheka tangu tukichunga ndama.

Tulikunywa chai, nami nikawa nalifikiria jibu lake. Jioni nikamsindikiza barabarani akapande gari. Tulipokuwa tunasubiri nikamwambia, "Kaka, hebu niambie unachojua."

"Cha kwenye muvi?"

"Cha Bwana."

Akaegemea fimbo. "Najua alitufia. Najua alifufuka. Na lile somo la mwisho nililokuwepo, ulisema aliwachomea samaki ufukweni asubuhi wanafunzi wake, walewale waliokuwa wamemkimbia. Hakuwagombeza, aliwaita waje kula. Nikasema moyoni, huyo nitaenda naye. Mengine siyajui."

Nimesikia majibu mengi ya darasa la ubatizo, yamekaririwa neno kwa neno. Hilo sikuwahi kulisikia. Gari lilifika, akapanda, nami nikabaki pale barabarani namshukuru Mungu na kuona haya kwa wakati mmoja.

Asubuhi, kabla ya ibada, nilimwambia mchungaji kwamba ninaye mtu aliye tayari na nilimkatalia kwa makosa. Alhamisi nikayasema hayo hayo mbele ya darasa, maana mbele ya darasa ndipo nilipomkatalia. Walikuwepo wengine wawili niliowaambia wasubiri kama kaka. Nikakaa na kila mmoja, nikamsikiliza.

Kaka alibatizwa Pasaka. Masomo hajayaacha. Alhamisi bado namkuta benchi la mbele, na juzi alinisimamisha kwa maswali mpaka wenzake wakaomba waende nyumbani.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa naye Bweri, na mjukuu alikuwa amerudi kutoka Kisorya. Tulipomaliza ugali na sato, kaka akamwita.

"Mke wangu, ile muvi ya kwanza kabisa unayo?"

"Babu Mkubwa, si mwisho unaujua tayari!"

"Ndiyo maana. Nataka kumwona huyo wa mabawa alivyokuwaga kijana."

Akaiweka. Yule kijana akatokea, mabawa yake mapya yanang'aa, anajisifu mbele ya wasichana na kumkimbia mtu wa kwanza aliyemtishia. Kaka akasogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Wee kijana," alimwambia kwa upole, "bado hujijui."

Nilisogeza kiti changu kando ya chake. Daftari lilikuwa mezani, limewekewa sahani ya karanga juu yake.