Tulituma Habari Kwanza

Mimi ni mpekuzi, sifichi. Nikiingia kwa mtu, macho yangu hufika jikoni kabla yangu. Nadhani ndiyo sababu, nilipojitolea kwenye shirika dogo la kusaidia watoto waliodhulumiwa hapa Masisi, walinipa kazi ya kutembelea nyumba za watu. Siku nyingine nashona nguo sokoni.

Mwezi huo tulikuwa na msichana wa miaka kama tisa. Alikuwa yatima, na kwa miaka miwili alikuwa ameishi kijiji cha Kingi kwa baba yake mdogo. Majirani ndio waliomleta kwetu, mgongoni ana alama za fimbo. Sasa baba mdogo alikuwa amekiri mbele ya chefu wa kijiji, ameomba msamaha, na alimtaka mtoto arudi. Ilikuwa juu yetu kusema kama arudi Kingi au aende Muheto kwa koko yake, bibi mzaa mama. Mtoto mwenyewe hakuwa akisema lolote, na sheria ya kazi yetu inakataza kumbana mtoto kwa maswali. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Tulituma habari siku mbili kabla ya kwenda Kingi, kama ilivyo adabu. Huku milimani humtokei mtu ghafla mlangoni. Utamwaibisha akikosa cha kukupikia. Tukaenda watatu: mtoto, mimi, na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akituongoza.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, maharagi yako tayari. Baba mdogo, mtu wa kanisa mwenye sauti ya upole, alituonyesha kitanda cha mtoto chenye blanketi jipya. Mwalimu aliridhika, akatoa kalamu na fomu ya kumrudisha mtoto.

"Enda ulete maji na sabuni, bageni banawe," mke wa baba mdogo akamwambia mtoto.

Maji aliyaleta upesi, yalikuwa nje. Sabuni ikamshinda. Aliingia chumba hiki akatoka, akaingia kingine, kisha akasimama katikati ya sebule akitazama kuta. Hata mimi mgeni nilikuwa nimeshaiona, juu ya kabati karibu na mlango.

"Huyu mutoto njo vile, anasahau kila kitu," mama mwenye nyumba akasema akicheka.

Miaka miwili, nilijiuliza, na hajui sabuni inakaa wapi? Kwangu hata mtoto wa jirani anajua. Chakula kikakosa ladha. Nikaomba kwenda chooni, nikataka mtoto anionyeshe njia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mbuzi. Walipomwona, wote walikuja mlangoni. Yeye akapita katikati yao, akapeleka mkono kwenye ufa wa ubao bila hata kutazama, akatoa kitana chake na kukitia mfukoni. Kwenye pembe moja iliyotengwa kwa mbao mbili kulikuwa na nyasi kavu, na juu yake gunia lililokunjwa vizuri. Sikumuuliza kitu. Nilikasirika.

Nikamwita mwalimu aje aone. Alitazama banda, akamtazama mtoto, akakunja fomu.

"Papa," akamwambia baba mdogo, "mutoto hatabakia hapa."

Mwanamume aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Lakini blanketi tulinunua kwa ajili yake." Huenda ilikuwa kweli. Mpaka leo najiuliza kama baada ya sisi kuondoka angemlaza pale kitandani, hata usiku mmoja.

Tulirudi kwa miguu, mwalimu akitangulia. Tulipofika kwenye mteremko mtoto akanishika kitenge. Ndipo likatoka neno lake la kwanza kwangu.

"Mama, kule kwa koko nitalala mu nyumba?"

"Mu nyumba kabisa. Kitanda chako nilikiona."

Akatembea hatua kadhaa akifikiri.

"Ata kama bageni habako?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini Muheto tulikuwa tumekwenda wiki iliyotangulia, na huko pia tulituma habari kwanza. Nikamwambia sijui, nitakwenda kuangalia. Kesho yake asubuhi nikafunga cherehani yangu, nikapanda Muheto bila kumwambia mtu.