Mtoto Niliyekuwa Simhesabu

Mimi ni mwanamke wa kujisifu, sifichi. Hapa Ilomba hakuna asiyejua kuwa nimezaa saba, wote nyumbani, wote wazima, bila sindano hata moja. Nimeyasema hayo sokoni, nimeyasema kwenye vikao vya harusi, nimewacheka nayo mabinti wanaolialia wakichomwa. Sikujua kuna mtu anayashika.

Aliyeyashika ni mjukuu wangu, huyu niliyemlea tangu anatambaa. Ana mimba ya kwanza, ya miezi sita. Siku ile alirudi kutoka kliniki mapema, akanikuta uani napukuchua maharage.

"Umeshapimwa?"

"Nimepimwa. Sindano nimekataa."

"Sindano gani?"

"Ya pepopunda. Nesi kanuna huyo! Kasema nikafikirie ila nisichelewe, maana zinatakiwa mbili na katikati mwezi mzima upite. Nikamwambia bibi yangu alizaa saba bila kuchomwa, na wote wana meno."

Akanipa simu nisikilize. Mwanamke mmoja kwenye grupu lao alikuwa anaeleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba sindano za wajawazito zinafunga kizazi. Tangu wakati wa korona grupu lile halijaishiwa madaktari.

Maneno yale niliyajua. Niliyasikia nikiwa na umri kama wake, kijijini nje ya Iringa, na hatukuwa na simu.

"Mke mwenzangu, mbona kimya?" Ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza, kwa kuwa babu yake alikuwa mume wetu sote.

"Kaa chini. Mimi ni mwongo."

"Hilo babu alilijua mapema."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nikaweka ungo pembeni, maana jambo lile nisingelisema mikono ikiwa na kazi.

Nikamwambia kabla ya mama yake na ndugu zake alikuwepo mwingine. Manesi walikuja kijijini kutuchoma wenye mimba, na wanawake wakasema wamekuja kutufunga vizazi. Nilikimbilia kwenye mahindi nikalala kifudifudi na tumbo langu mpaka walipoondoka. Jioni tulicheka sana. Nilijifungua salama, mtoto wa kiume, ana sauti ya kuamsha kijiji. Kitovu kilikatwa kwa wembe wa nyumbani, na juu yake tukapaka jivu lililochanganywa na mavi ya ng'ombe makavu, kikauke haraka. Mama mkwe alichanganya. Aliyepaka ni mimi, kwa kidole hiki.

Siku ya sita akaacha kunyonya. Titi nilimwekea mdomoni, mdomo haufunguki. Nikimgusa anakakamaa kama ubao. Mlango ukifunguliwa, mwanga ukiingia, anakakamaa. Walisema karogwa, kumbe ni pepopunda. Siku ya nane wanawake wakamzika nyuma ya nyumba, bila matanga, kwa sababu kwetu mtoto ambaye hajatolewa nje hahesabiwi. Na mimi sikumhesabu.

Mjukuu wangu hakucheka tena.

"Mlimwita nani?"

"Hakuwa na jina."

Akavutavuta uzi wa kanga. Kisha akauliza swali nililoliogopa: "Na hawa saba? Mbona hawa walipona?"

"Hawa nilichomwa. Mimba ya pili nilikwenda mwenyewe kwa miguu, sikumuaga mtu, na kitovu sikuruhusu mtu apake hata mate. Babu yako alipotuhamishia huku Mbeya hakuna aliyenijua. Wakiniuliza nilizaaje, nikawa nasema saba, bila sindano. Ningesema nimechomwa, wangeuliza nilianza kuogopa nini."

"Kwa hiyo miaka yote hii unatudanganya?"

"Nimewadanganya."

"Bibi!" Alisimama kwa hasira, tumbo likamrudisha nyuma. "Na mimi nimeshasimama mbele ya watu nikakutolea ushahidi!"

"Ndiyo maana nakwambia. Huyo wa kwenye simu humjui, hajui hata unakaa wapi. Mimi unanijua, na nilipaka kwa mkono huu. Sikuburuti, mwili ni wako. Lakini usikatae kwa ajili ya sifa zangu. Sifa zangu ni za uongo."

Akaingia ndani. Maharage niliyamaliza peke yangu.

Asubuhi akatokea mlangoni kavaa, kadi mkononi. "Vaa. Tunakwenda wote, na wewe ndiye utanishikia mkoba."

Kliniki alimuuliza nesi maswali yake mwenyewe, mimi nikiwa kimya, jambo ambalo halijazoeleka. Je, kizazi? Je, mtoto? Nesi akamjibu taratibu kuwa kizazi hakifungwi, kwamba kinga inapita kwa mama inamfikia mtoto, na kwamba mkono ungeuma siku moja au mbili. Mjukuu wangu akapandisha mkono wa blauzi, akaniangalia mimi badala ya sindano, na hakupepesa macho.

Tulipotoka, binti mmoja wa mtaani kwetu, naye ana tumbo, alikuwa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Akadakia kwa sauti, benchi zima lisikie:

"Bibi! Si wewe uliyezaa saba bila sindano? Leo umekuja kufanya nini huku?"

Mjukuu wangu akanitazama. Hakunisaidia.

"Nimezaa wanane," nikasema. "Na sindano nimechomwa. Sogea nikae."