Mzee Aliyejishtaki Malolo

Juzi nilikuwa ofisi ya mtendaji wa kata, Malolo, nikisubiri mhuri wa barua yangu, akaingia mzee mfugaji mwenye shuka begani. Fimbo yake aliiacha mlangoni.

"Nimekuja kushtaki," alisema. "Ng'ombe wameingia kwenye shamba la mahindi, wamekula."

Mtendaji akavuta fomu. Kesi za namna hiyo zimewahi kumwaga damu huku Kilosa, kwa hiyo hata sisi wa kwenye benchi tukasogea kusikiliza.

"Mlalamikaji nani?"

"Mimi."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Wangu."

Kalamu ikasimama hewani. "Mzee, nani amekuleta hapa?"

"Hakuna. Mwenye shamba simjui. Lina ua wa minyaa pembeni, na maboga katikati ya mahindi. Nimeona niwahi, asije akalikuta vile akalia peke yake."

Mtendaji akavua kofia. Mama aliyekaa karibu nami, jembe miguuni, akainuka taratibu. Nikajibanza ukutani kusubiri matusi.

"Na maboga wamekula?" aliuliza yule mama.

"Maboga hawakugusa."

Mama akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Shamba ni langu."

"Marahaba, mwanangu."

Fomu ilibaki tupu. Haikuwa na mstari wa mtu kama yule. Nami nimeshakaa kwenye vikao vingi vya amani kati ya wakulima na wafugaji, vyenye mabango na soda za kutosha. Sikumbuki hata kimoja kilichoanza kwa shikamoo.