Vitambaa vya Kuepulia Chungu

Krrr. Mpaka leo naisikia sauti ya uzi mnene ukivutwa kupenya kaniki iliyokunjwa mara nne. Ni kama panya anayekwaruza gunia la mahindi, ila huyu ana adabu kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina miaka minane hivi, nakaa Kihesa kwa mama mdogo, mdogo wake mama. Mama alikuwa amepelekwa hospitali Mbeya kwa lori, kifua kikimsumbua, na baba akamsindikiza. Siku moja baba akarudi peke yake na furushi. Walizungumza na mama mdogo nyuma ya nyumba, kisha baba akaniambia, "Mama yako bado anatibiwa." Basi nikaridhika. Nilikuwa mtoto wa kuridhika.

Zikapita wiki chache. Mama mdogo akatoa kaniki, akaichemsha, akaikata vipande vya kutengenezea vitambaa vya kuepulia chungu motoni. Unakunja mara nne, halafu unapiga bandi kwa uzi mweupe uliofumuliwa kwenye gunia la unga, mstari kwa mstari, ukifuata michoro ya vikapu vyetu vya Iringa.

"Bandi ndogo kama punje za ulezi," alinielekeza. "Hizo zako mbuzi atapita na watoto wake."

Kila bandi niliipiga nikiota. Nilimwona mama akishuka kwenye lori, nampokea, "Kamwene, mama," kisha nampangia vitambaa vyake mapajani. Nilishona huku naimba. Majirani waliopita walinitazama, wakainamisha vichwa. Mimi nikadhani wanastaajabia kazi yangu.

Kipande cha mwisho kilikuwa na tundu dogo lililoungua kingo.

"Hapo paweke bandi nyingi," mama mdogo alisema. "Kitambaa chenye tundu kinaunguza mkono."

Kabla hatujakikunja nikapenyeza kidole kupima ukubwa wake. Kidole kilitambua kabla yangu. Lile tundu lilitobolewa na cheche ya mkaa, na zamani, nikiwa nimebebwa mgongoni, nilikuwa napitisha kidole humo nikagusa ngozi ya mama, naye analalamika, "Utanichania nguo, we mtoto."

"Mama mdogo, hii si kaniki ya mama? Akirudi atavaa nini?"

Uzi wake ukasimama katikati.

"Shona, mwanangu," akasema. Kisha, bila kuniangalia, "Hatavaa tena."

Nikashona. Nililiziba lile tundu kwa mikono yangu mwenyewe, bandi ndogo kweli, ndogo kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nilimchukia mama mdogo miaka mingi. Nyumba nzima walijua, hata majirani walijua, ni mimi tu niliyekuwa naimba. Nilipokuwa mtu mzima na kuwazika wa kwangu ndipo nikaelewa kwamba alikosa mdomo wa kuniambia, akanipa sindano. Lakini sitawadanganya, kuelewa hakukuuondoa uchungu.

Jioni ile alipokwenda kuchota maji nilikitoa kile kitambaa kapuni. Nikafumua bandi zangu kwa meno, moja moja, mpaka tundu likafunguka. Nikaingiza kidole. Kikagota kwenye kaniki iliyokuwa chini yake.