Njiti Iliwaka, Asali Ilikuwa Safi

Habari ilianzia bombani: mwuza asali wa Kasumulu kamuua mwanawe kwa asali iliyochakachuliwa. Nilijaribu kuipuuza, ikanigomea. Nyumbani nilikuwa na chupa niliyonunua kwake, bado haijafunguliwa, na mtoto mchanga anayekohoa. Nikaenda kumwona.

Saa moja asubuhi Angetile anapanga chupa zake kando ya barabara. Nyuma yake malori yananguruma, yanasubiri kuvuka mto Songwe, mpakani.

"Ugonile, Mama Yakobo!" dereva wa bodaboda anamsalimu kwa Kinyakyusa, akimchokoza. "Washa njiti tuone, usije ukatuuzia sukari guru."

Angetile anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, anaikwaruza. Inawaka; kwa wanunuzi hiyo ndiyo dalili ya asali safi. Watu wanacheka. Yeye hacheki.

"Hata siku ile iliwaka," anasema.

Asali anairina mwenyewe, kwenye mizinga aliyoachiwa na baba yake katika shamba la kakao, Bujonde. Wenye vidonda hununua kwake, wenye kikohozi, na wasichana wanaopaka usoni kuondoa chunusi. Yakobo wake wa miezi minne alipoanza kukohoa, akamlambisha kijiko.

"Nilijua asali mbaya ni ile ya kuchanganya. Hii nimeirina kwa mikono yangu. Nikasema, kitu safi kitamdhuru vipi mtoto?"

Mtoto akafunga choo. Kisha akaanza kuacha ziwa. Kope zikalegea, kilio kikawa chembamba kama cha paka. Mama mkwe akasema ni meno, basi wakangoja. Walipofika hospitali, shingo ilikuwa haikai.

Daktari hakuuliza kama asali ni halisi. Aliuliza tu kama mtoto alipewa. Akamweleza kuwa hata asali safi inaweza kubeba vijidudu. Tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huzaana na kutoa sumu inayolegeza mwili.

Kumbe bombani walikosea mara mbili. Asali haikuchakachuliwa, na Yakobo hajafa. Yuko wodini na bibi yake, analishwa kwa mpira wa puani. Wiki ya tatu sasa hajanyonya.

Kila alfajiri Angetile anakamua maziwa yake, anayapeleka wodini, halafu anakuja kuuza kitu kilekile. Hana kingine. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu nane.

Anafika mwanamke mwenye mtoto mgongoni, anataka chupa ndogo.

"Huyo ana miezi mingapi?"

"Sita. Kwani unauza asali au unaandikisha kliniki?"

"Kama ni ya kwake, siuzi, dada yangu."

"Haya, baki nayo. Nitanunua kwa Eliud pale ng'ambo, hawaulizi umri."

Anavuka barabara. Angetile anamkimbilia akimwita, honi ya lori inamrudisha.

"Daktari anasema wengine hupona," ananiambia. "Hajasema Yakobo. Nataka aninyonye tena, hata mara moja. Ndaga kwa kuja, mama. Kaandike, wenye watoto wasome."

Basi someni:

Usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kulamba.

Usimtilie kwenye uji wala maji ya moto. Kuchemsha jikoni hakuondoi hatari.

Usiipake kwenye chuchu.

Aliyeungua, usimkimbizie asali. Maji baridi kwanza, halafu zahanati.

Usiamini njiti.

Mtoto akifunga choo na kuacha ziwa, usiseme ni meno.