Plagi Nne za Bwana Ratovo

Bibi Voahangy alikuwa na miaka sitini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza juu ya kigoda kimoja, pale Mahamasina ambapo mteremko wa kutoka Andohalo unakomea na teksi zinajipanga kungoja abiria. Mbele yake beseni la petroli, brashi ya waya, spana ya plagi na kibati chembamba cha kupimia mwanya. Kazi yake kusafisha plagi na kuzisoma.

Kuzisoma alifundishwa na mumewe Ramaro, fundi aliyeunguzwa macho na moto wa kuchomelea vyuma. Mume alifungua plagi kwa kupapasa, akamkabidhi mkewe: "Niambie rangi." Akisema nyeusi kavu, mume hujibu petroli imezidi. Nyeusi yenye mafuta, pete za pistoni zimekwisha. Nyeupe kama mfupa, injini inaungua. Rangi ya biskuti, irudishe, huyo mzima. Miaka tisa waliishi hivyo, macho ya mmoja na akili ya mwingine. Mume alipozikwa, vyote viwili vilibaki kwa mke.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Bwana Ratovo, mwenye teksi, alimfuata asubuhi moja, watu wanakula vitumbua, akamtukana mbele ya madereva kumi na watano.

"Mama, brashi yako inaniharibia gari," alisema, akiipigapiga boneti ya Renault yake kuukuu. "Plagi hizi mpwa wangu kanitumia kutoka Ufaransa, za magari ya mashindano. Kila ukizigusa, siku ya pili gari linamisi, linakohoa. Kuanzia leo, dereva wangu akikanyaga hapa, aache ufunguo, kazi hana."

"Nimezisafisha mara nne," alisema Bibi Voahangy. "Ningekuwa naziharibu, mara ya kwanza tu lisingefika Andohalo."

"Masizi ya beseni ndiyo elimu yako. Usinifundishe injini."

Madereva wakatazama vikombe vyao. Na wote wamekula mkate kwa mikono ya yule mama. Hata Ndriana, dereva wa gari lenyewe, alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Na wenye magari wengine walikuwapo, wanasikiliza. Neno lile likiachwa litembee, hadi Jumapili kigoda kitakuwa hakina mteja.

Bibi Voahangy akasimama, akashika mlango wa gari.

"Huondoki. Umenisema mbele ya watu, na injini nayo itasema mbele ya watu. Ndriana, washa."

Injini ikawaka, ikakohoa, ikaruka mpigo, ikakohoa tena. Bibi akashika kitambaa kikavu, akavuta waya wa plagi ya kwanza: injini ikataka kufa. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu akauvuta, sauti haikubadilika hata kidogo.

"Huyu amelala," alisema. "Wenzake watatu wanambeba mgongoni."

Wa nne ulibadilisha sauti kidogo tu. Akazima, akazitoa zote nne. Nyeusi kavu, kama sufuria ya kuni.

"Plagi ya mashindano hupoa upesi, maana kule injini inachemka kutwa nzima. Hii yako inachemka saa ngapi? Kila mteremko inazimwa. Ndriana anashuka kimya kama baiskeli. Nani alimwamuru azime?"

Bwana Ratovo akainama kukagua tairi. Kila dereva alijua ni yeye, anayempimia Ndriana petroli kwa chupa ya maji.

"Plagi isiyopata moto haiwezi kujichomea masizi yake. Sasa sikiliza. Nazisafisha mbili zako kwa brashi hii hii unayoitukana, nazirudisha. Mbili nyingine naweka hizi za kawaida, zinazokaa na joto, nazo nazipitisha brashi hiyo hiyo. Injini moja, petroli moja, dereva mmoja. Spana nenda nayo wewe, nisije nikaambiwa nimechezea. Siku ya tatu ulete gari."

"Na ukishindwa?"

"Kigoda hiki utakichoma wewe mwenyewe."

Siku ya tatu Bwana Ratovo alikuja na spana mfukoni, akazifungua mwenyewe. Mbili za kawaida, rangi ya biskuti. Mbili za mashindano, nyeusi tii. Akazigeuzageuza kama anayetafuta kosa la hesabu.

"Haya, weka zote za kawaida, tumalize."

"Tumalize kipi? Plagi ndizo zilizotukanwa?"

Mzee akaondoka, gari likikohoa. Kesho yake akamtuma Ndriana na kuku amefungwa miguu.

"Mrudishie," alisema Bibi Voahangy. "Mwambie kuku hajanikosea kitu."

Siku mbili baadaye alikuja mwenyewe, saa sita mchana, muda aliouchagua vizuri: teksi zilikuwa mbili tu. Akavua kofia haraka.

"Mama, yale maneno, naomba—"

"Kaa kwanza." Akamsogezea sanduku, akammiminia maji ya ukoko wa wali. "Siku ile walikuwa kumi na watano. Hawa ni wawili."

"Nina shughuli, mama."

"Na mimi nilikuwa nayo."

Akakaa. Teksi zikashuka moja moja kutoka Andohalo, injini zimezimwa, na kila dereva aliyemwona pale juu ya sanduku aliegesha, akaja na kitumbua chake. Ndriana alikuwa wa kumi na tano. Ndipo Bibi Voahangy alipoinua kidevu, na Bwana Ratovo akasimama.

"Nilisema brashi ya mama huyu inaharibu gari langu. Si kweli. Kosa ni langu, la plagi na la kuzima injini."

"Huku nyuma hatusikii, mzee," alisema dereva mmoja, mdomo umejaa.

Bwana Ratovo akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amekunja mikono, anangoja. Mzee akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti.